Nilimwandikia Mgeni Kijiji Changu

Mpendwa Shangazi Leisale,

Naja kwako kuomba shauri, na kabla hujanicheka nakiri kwamba mimi ndiye yule niliyekuandikia mwaka jana kukukosoa kuhusu sheria ya ardhi, barua ambayo hukuichapisha, na huenda ulikuwa na sababu zako. Safari hii sikosoi. Safari hii nimekwama.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Lolvanua, kaskazini mwa kisiwa cha Pentekoste, nina shahada ya sheria niliyoipata hapa hapa mji mkuu, Port Vila, na katika mdahalo wa mwaka wa mwisho nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikathibitisha, kwa hoja ambazo hadi leo hazijajibiwa, kwamba taifa linalouza uraia wake halitofautiani na mtu anayeuza jina la babu yake. Nilipigiwa makofi, nikapewa kombe, na miezi minane baadaye, kazi zikiwa adimu kama barafu, nikaajiriwa kuwa karani wa wakala anayewauzia wageni uraia huo huo.

Wateja wetu hatuwaoni. Hulipa wakiwa mbali, huapa kiapo kwa njia ya video, pasipoti huwafuata kwa posta, na katika miaka yangu miwili pale sikuwahi kusikia hata mmoja aliyekanyaga nchi aliyoinunua. Nilikuwa nikiwadharau wote kwa usawa, hadi mwezi wa Machi lilipofika mezani kwangu faili la mtu aitwaye Nawaf. Katika nafasi ya uraia alionao aliandika, “Hakuna.” Nikamrudishia fomu nikimtaka ajaze vizuri. Akajibu kwa mstari mmoja: “Nimejaza, bwana. Ndilo jibu.”

Nawaf alizaliwa katika nchi moja ya Ghuba, na wazazi wake walizaliwa hapo, na wazazi wao pia, lakini ukoo mzima haumo katika daftari la taifa lolote duniani. Hakuweza kupata cheti cha shule wala kufungua akaunti benki. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu za kompyuta, akawafanyia kazi watu wasiojua sura yake, nao wakamlipa kwa sarafu za mtandaoni, kwa sababu, Shangazi, hiyo ndiyo fedha pekee ulimwenguni isiyomuuliza mwenyewe, “Wewe ni raia wa wapi?” Miaka kumi na mmoja alikusanya. Ufunguo wa hazina hiyo ni maneno ishirini na manne yanayofuatana, ambayo hakuyaandika popote akiogopa kuporwa. Aliyahifadhi kichwani kama sisi tunavyohifadhi majina ya mababu.

Asubuhi ya malipo bosi alituita sote mbele ya kompyuta, maana hakuwahi kupokea ada nzima kwa sarafu hizo, ambazo angezigeuza dola na kuzipeleka serikalini. Nawaf alikuwa kwenye skrini. Alifumba macho, midomo ikicheza, akachapa neno baada ya neno bila kukosea, kisha yeye na sisi tukangoja mtandao uthibitishe. Dakika kumi na mbili. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mkataba kati ya mtu na dola, ninaweza kubishana navyo ukurasa kwa ukurasa, lakini hakuna hata kimoja kilichoniandaa kwa zile dakika: mali ya mtu ambaye hakuruhusiwa kuvuka mpaka mmoja maishani mwake ilikuwa ikivuka mipaka yote kwa pamoja, bila meli, bila muhuri, na fedha isiyo na nchi ilikuwa njiani kumtafutia nchi mwenyewe. Alama ya kijani ilipotokea, mama Rosina wa mapokezi alishika shavu akasema kwa sauti ndogo, “Mungu wangu. Mtu amenunua mahali pa kuzikwa.”

Hapo ndipo nilipokosea. Kuna karatasi ya ofisi yetu wenyewe, isiyo na uzito wowote wa kisheria, yenye nafasi iliyoandikwa “Kijiji.” Kwa wateja wengine wote huwa tunapiga mstari. Nilishika kalamu kupiga mstari kama kawaida, mkono ukakataa. Wewe unajua, kwetu mtu akishataja jina lake swali linalofuata ni “Wa kisiwa gani?” na asiye na jibu hatujui hata tumkalishe wapi. Tena nilimkumbuka babu yangu. Kabla ya uhuru wa mwaka themanini, mataifa mawili makubwa yalipokuwa yakitutawala kwa pamoja, kila moja likiwa na raia wake, sisi wenye visiwa hatukuwa raia wa yeyote. Babu alikwenda kuchimba madini Kaledonia Mpya na karatasi ambayo, mahali pa uraia, ilikuwa na mstari. Alinionyesha mstari ule nilipokuwa mdogo. Sikuweza kumpigia mtu mwingine mstari kama ule. Nikaandika, “Lolvanua, Pentekoste Kaskazini.” Nakala ikaingia kwenye bahasha ya pasipoti, nami nikaisahau.

Shangazi, yeye hakuisahau. Aliniandikia kwamba anakuja nyumbani, na Jumanne iliyopita nikaenda uwanja wa ndege kumpokea. Afisa wa uhamiaji, mtu wa kisiwa cha Tanna mwenye sauti ya tarumbeta, alimgeuza geuza kwa macho.

“Wewe! Unaniambia wewe ni wa Pentekoste?”

“Imeandikwa hapa, bwana,” alisema Nawaf, akiitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Nani kaandika?”

Nawaf akaninyooshea kidole, mimi nikiwa nyuma ya kioo. Afisa akacheka hadi foleni nzima ikageuka.

“Haya, pita, shemeji! Lakini watu wa Pentekoste hurukia chini kutoka mnarani, wamefungwa kamba za porini miguuni. Umejiandaa?”

“Kijiji kikitaka,” Nawaf alijibu bila kutabasamu, “nitaruka.”

(Wanaoruka ni watu wa kusini, si sisi. Sikuwa na nguvu za kumsahihisha.)

Tangu siku hiyo yuko kwangu, mtaa wa Freswota. Anakula laplap kwa mkono, amejifunza kusalimia majirani wote, na kila asubuhi huniuliza swali jipya. “Nyumba yetu iko karibu na bahari?” Yetu, Shangazi! Nilisema iko mlimani kidogo, nikatoka nje nikasimama kwenye ua, sijui kwa nini.

Juzi mjomba wangu Patteson, kaka yake mama, ambaye ndiye chifu wa Lolvanua, akanipigia simu.

“Mpwa wangu, nasikia umepata kaka.”

“Nani kakwambia, mjomba?”

“Pentekoste nzima inajua, wewe ndiye wa mwisho. Ni Bule au ni Tabi?”

Wewe ni wa kisiwa cha Efate, kwa hiyo niruhusu nikufafanulie: kwetu kaskazini kila mtu ni wa upande wa Bule au wa Tabi, anaupata kwa mama yake, na kwa huo ndivyo tunavyojua nani ni ndugu, nani ni shemeji, nani wa kutaniwa na nani wa kuogopwa.

“Nauliza, msomi, mama yake ni nani? Nikikutana naye njiani nimwiteje?”

“Mjomba, huyu ana uwezo. Nguruwe wa sherehe ya kumpokea anaweza kuwalipia...”

“Mpe simu.”

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti, na mjomba alipotaja nguruwe Nawaf alibadilika rangi. “Samahani sana, mzee,” alisema kwa Kibislama chake cha wiki moja, “mimi nguruwe sigusi.”

Mjomba alicheka hadi akakohoa. “Umetuletea Msabato!” Kisha kicheko kikakatika kama kamba. “Selwyn, sikiliza. Meli ni Jumamosi. Ukishuka naye, utasimama nakamali, kwenye nyumba yetu ya baraza, mbele ya watu, useme ametoka wapi na ameingiaje. Na mama yake ni nani? Mimi uongo sitaubeba.”

Sasa, Shangazi, pande zote mbili nimezipima kama wakili. Nikimwambia Nawaf kwamba kijiji chake ni kosa la karani, nitakuwa nimempigia ule mstari kwa mkono wangu mwenyewe, baada ya yote aliyopitia. Nikinyamaza nikampandisha meli, nitamdanganya mjomba, kijiji, na yeye mwenyewe mbele ya watu mia mbili. Begi lake ameshalifunga. Nifanye nini?

Selwyn, Freswota

*

Selwyn mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa machozi, ya pili kwa hasira. Ile ya mwaka jana pia nimeitafuta nikaiona. Ulikuwa umekosea, ila hayo si ya leo.

Nianze na sifa, maana nazo unazipenda. Mkono wako una akili kuliko mdomo wako. Mdomo ulishinda kombe kwa kusema nchi haigawiwi wageni. Mkono ulipokutana na mtu asiye na nchi ukampa kijiji kizima, bure. Hata mimi nilipofika kwenye zile dakika kumi na mbili niliiweka barua chini nikatazama nje ya dirisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa bendera ilipopanda. Najua mtu anakaaje siku anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba yeye ni wa mahali fulani.

Basi, sifa zimeisha. Wakala wako aliuza kitu cha serikali kwa ruhusa ya serikali. Wewe ulitoa kitu cha watu mia mbili waliokuwa shambani wakichimba viazi vikuu, na hukumuuliza hata mmoja. Mwanasheria, nani kati yenu amechukua kisicho chake?

Unasema ukimwambia ukweli utamrudisha kuwa si mtu. Acha makuu. Pasipoti yake ni halali leo, itakuwa halali kesho, na hakuna sentensi yako inayoweza kuifuta. Kitakachovunjika ni picha ya nyumba iliyo mlimani kidogo, na mchoraji ni wewe. Mtu ambaye maisha yake yote kila afisa amemwambia “hapana” anaweza kusikia “bado” kutoka kwa rafiki. Asichoweza kukivumilia ni kuambiwa “hapana” na watu mia mbili kwa pamoja, akiwa amesimama katikati ya nakamali na zawadi mkononi.

Na ule mdomo tena: “Anaweza kuwalipia.” Hapo nilitamani nikuvute sikio kupitia gazeti. Mtu amelipa kila alichokuwa nacho ili aingie mlango wa kwanza, na wewe unamtafutia bei ya mlango wa pili.

Umenifafanulia Bule na Tabi. Ahsante. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Laone, huko huko kaskazini kwenu. Nilishuka kule bibi harusi wa Efate nisiye na upande, na kwa siku tatu wanawake walinipisha njiani wakitazama chini, si kwa ubaya. Hawakujua waniite nani. Nililia chooni. Siku ya nne mwanamke mmoja mzee, ambaye hakuwa na undugu wowote na mume wangu, alinitandikia mkeka mwekundu mabegani, akasema, “Huyu wangu.” Maneno mawili, nami nikapata mama na upande. Kufikia jioni nilikuwa na wajomba kumi na mmoja na shemeji wa kunitania hadi nikakimbia. Hakuna nguruwe aliyeanguka, Selwyn. Mikeka ni mali ya wanawake, na wanawake hawakumwomba chifu ruhusa.

Mjomba wako amekuuliza mara mbili mama yake ni nani, nawe ukasikia pingamizi la mahakamani. Mzee yule alikuwa anakuonyesha mlango! Tazama barua yako: babu yumo, bosi yumo, mama Rosina yumo, hata tarumbeta la Tanna limo. Mama yako mzazi umemtaja ili tu tujue mjomba ni kaka wa nani. Umesoma sana, lakini umeuliza wanaume peke yao.

Nimemwomba mhariri ayachape haya Alhamisi, kwa hiyo una siku mbili. Leo mchana, kabla hujanywa kava, mketishe Nawaf, uitandaze ile karatasi mezani, umwonyeshe mwandiko wako. Sema, “Hili niliandika mimi, bila ruhusa ya kijiji. Nisamehe.” Usimwongezee hotuba kuhusu dola na mkataba. Akikasirika, mwache akasirike. Ni haki yake, na ni raia. Kesho asubuhi ofisini uombe ile nakala ya faili, uikate ile nafasi, utie sahihi yako pembeni, na bosi akifoka, ufokewe.

Kisha mpigie mama yako. Usimpigie chifu. Mwambie umekosa, mwambie kuna mtu nyumbani kwako, na hapo unyamaze, jambo ambalo kwako litakuwa gumu kuliko shahada. Usimtetee. Usimwombe amchukue kuwa mwanawe. Mama yako akisema hapana, ni hapana, na Jumamosi Nawaf akitaka atapanda meli kama mgeni wako, alale nyumbani kwenu, asaidie kubeba majani ya mkadi ya wanawake wanaosuka, arudi na meli inayofuata. Wengi wameanza hivyo. Akisema anataka kumwona kwanza, basi Nawaf aje aonwe, hata ikichukua mwaka, na sarafu zake, kama zimebaki, azikalie.

Na kama mama yako atauliza huyo mtu anaitwa nani, usijibu wewe. Mpe Nawaf simu, utoke nje.