Nimelikata Gauni Alilojiwekea Bibi

Mama Ombeni mpendwa, shikamoo.

Naomba msaada wako, na naomba uvumilie mwandiko maana naandika darasani kipindi cha kujisomea na daftari nimelikinga kwa mkono. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, tunaishi Mpemba hapa Tunduma, na kabla sijaendelea nikuambie kwamba mimi si mtu wa kuongea. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza na insha zangu mwalimu huzisoma mbele ya darasa, lakini akinitaka nisimame nisome mwenyewe sauti inakwama, na nyumbani kwa Kiswahili ni vilevile, ndiyo maana nakuandikia wewe jambo ambalo ningelisema kwa mdomo wiki tatu zilizopita.

Mwezi wa tisa tulikuwa na mahafali. Kwenye mahafali yenyewe tunavaa sare, hilo halina shida, ila wazazi wakishakula huwa kuna sherehe ya sisi wanafunzi ukumbini, tunaiita promu, na huko kila msichana anaingia na gauni refu, na tangu mwezi wa saba hakukuwa na habari nyingine. Imelda ninayekaa naye dawati moja alikuwa anashonewa Mbeya. Siku moja akaniuliza mbele ya wenzake, "Na wewe bubu wetu, utavaa nini, sweta?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe, lakini nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba bila gauni siendi hata kwenye mahafali.

Mama anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori wanaosubiri foleni ya mpakani. Hakunigombeza, alisema tu, "Tutapata, nguo ziko Nakonde." Akavuka mara tatu kwenda kwenye salaula, ndiyo mitumba wanavyoiita upande wa Zambia, anaondoka akishamaliza kuuza na kurudi jioni miguu imejaa vumbi, mfuko mtupu. Magauni ya maana bei yake haishikiki, na ya bei yetu yalikuwa ya watoto wa ubatizo au yamechanika kwapani. Alikuwa ananisimulia kwa utani, "Leo bamayo mmoja, mama muuzaji wa kule, kanionyesha pazia, ananiambia shona hili mama, mwanao atang'aa kuliko bi harusi!" Mimi sikucheka. Nikanuna siku nne, na ndani ya siku hizo nne ndipo nilipofanya nilichofanya.

Bibi, mama mzaa baba, aliletwa kwetu mwaka jana kutoka kijijini Ruanda, kulekule Mbozi, miguu ilipogoma, akaja na sanduku lake la bati, na ndani ya sanduku mlikuwa na gauni lake la harusi. Ni satini nyeupe iliyoanza kuwa na rangi ya siagi, mikono mirefu, vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Wewe unajua bibi zetu wa Mbozi, mama mzima hujiwekea mwenyewe nguo ya kuzikiwa ili siku hiyo asiende kwa nguo ya kuazima, na bibi alijiwekea hilo gauni. Alikuwa analitania, "Babu yenu nilimzika na suti ileile ya harusi. Sasa mimi nikimfuata na kitenge si atanikana, atasema huyu mama simjui?" Ufunguo anatunza mama kwa sababu ndiye mkwe wake, na kila kiangazi yeye ndiye anayelitoa, analianika kivulini, anabadilisha vile vidonge vyeupe vya kuzuia mende na kulirudisha.

Mimi nilichukua ufunguo kwenye kikombe juu ya kabati mama akiwa barabarani na bibi akiwa amesinzia juani, nikalitia gauni kwenye begi la shule, nikaenda kwa fundi Clever. Nilimwambia ni la mama, na kakubali. Akalipapasa, akaniuliza, "Mdogo wangu, satini hii haipo tena madukani, una uhakika nikate?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaanza na mkono wa kushoto, na mkasi ulipoingia nilitaka kusema acha, nakuapia Mama Ombeni nilitaka, lakini sauti haikutoka, nikabaki natazama mikono yote miwili inadondoka chini na shingo inachimbwa.

Kesho yake mama akarudi kutoka Nakonde kwa mara ya nne anacheka peke yake. Alikuwa amepata gauni la bluu, mabega yake makubwa kidogo, kwenye pindo limeungua pasi, ila ile alama alishaifunika kwa ua alilolidarizi mwenyewe akiwa anasubiri wateja. Nikamwambia asante mama, lakini Imelda ameshaniazima la kwake. Alilikunja taratibu akaliweka kabatini.

Siku ya promu, wazazi wakiwa bado wanakusanya vyombo, nilitoka darasani nimelivaa lile la bibi. Imelda mwenyewe alisema nimemfunika. Mama akaniona, akaja mpaka nilipo, akashika pindo kwa vidole viwili akalisugua kidogo, halafu akaniambia, "Umependeza. Weka mgongo wima." Akaenda zake.

Baada ya siku kumi bibi akapatwa na kifua, akalala kitandani, na shangazi Restuta, dada yake baba, akaja kumuuguza. Akasema sanduku lifunguliwe, gauni lipigwe upepo maana mgonjwa ni wa kutazamwa. Lilipofunguliwa mlikuwa na karatasi na vidonge tu. Shangazi alitoka mpaka uani kwa kelele, "Umemuuzia nani? Mara nne umevuka Nakonde na mfuko, Mpemba nzima imekuona! Umemvua mama yangu nguo ya kaburini akiwa hai, ndiyo maana anakwisha hivi, wewe si mtu wa kawaida!" Majirani walishajaa uzioni. Baba alikuwa amesimama anatazama chini. Mama akasema kwa sauti ya kawaida, "Wifi, ufunguo ninao mimi. Kilichopotea kimepotea mkononi mwangu." Baba akamwambia aende kwao Igamba kwa mjomba Eliudi mpaka jambo hili liishe. Wakati anafunga nguo zake nilisimama mlangoni, mdomo nimeufungua kabisa, akanitazama akasema, "Wewe soma. Mengine niachie mimi."

Sasa ni wiki ya tatu. Jirani mmoja amenionya nisitumie unga alioacha mama jikoni. Watoto wanapita wanaimba neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Gauni lipo kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda changu. Juzi bibi alifumbua macho akaniuliza, "Gauni langu lipo?" Hakuna aliyemwambia. Nikamjibu, "Lipo, bibi." Akashukuru.

Shuleni ukimkanyaga mtu unasema sorry, ni neno jepesi, linatoka lenyewe. Nyumbani sijawahi kumwambia mtu nisamehe. Mtihani wa taifa umekaribia na kila nikifungua kitabu naona mkasi. Shangazi hununua gazeti hili kila Jumamosi na humsomea bibi ukurasa wako kwa sauti, akimaliza anasema, "Watoto wa siku hizi!" Nimewaza kwamba ukiichapa barua yangu, atajua bila mimi kusema. Au nisubiri mtihani uishe? Nishauri, maana siku nyingine natamani nisiamke.

Mwenye sauti iliyokwama,
Mpemba.

MAMA OMBENI ANAJIBU

Marahaba, binti.

Nianze na mstari wako wa mwisho kwa sababu ndio ulionifanya niiweke barua yako mbele ya nyingine zote. Kutamani usiamke si jambo la kubeba peke yako. Nenda kwa mwalimu wa malezi, au yule mwalimu anayependa insha zako, umwambie maneno hayohayo uliyoniandikia. Ukishindwa kusema, mpe karatasi. Kosa lako ni kubwa, sitalipunguza, lakini halifikii bei ya uhai wako.

Sasa nikugombeze. Wasichana wanaotamani gauni ni wengi na sikulaumu kwa hilo, nami nilikuwa msichana. Lakini ulichukua kwa kikongwe kitu pekee alichojiandalia, ukamdanganya fundi, ukamkataa mama yako na ua lake alilodarizi kwa mkono wake, halafu ukamtazama akitolewa nyumbani kwake kama mwizi na kama mchawi. Ukimya wa siku ya kwanza ni hofu. Wa wiki tatu ni uamuzi, na unafanya uamuzi huo upya kila asubuhi.

Na kuna jambo umeliandika bila kuliona. Rudi usome barua yako. Nani alikuwa analianika gauni lile kila kiangazi? Nani ameshika satini ile kuliko hata bibi mwenyewe? Halafu unaniambia alikuja akasugua pindo kwa vidole viwili. Binti, mama yako alijua siku ile ya promu. Siku ya sanduku hakusema "sikuchukua". Alisema kimepotea mkononi mwangu. Na mlangoni, ulipofungua mdomo, yeye ndiye aliyeufunga, kwa sababu ya mtihani wako. Amechagua kuitwa mchawi ili wewe usome. Na wewe husomi.

Kwa hiyo usisubiri mtihani uishe. Kwa nchi hii yetu mwanamke akishaitwa jina lile hakuna anayejua kesho ataamkia wapi. Mwombe mchungaji wenu au mjumbe wa mtaa awepo utakaposema, maana watu waliojaa uzioni kusikia uongo nao wanatakiwa wasikie ukweli. Mtu akiendelea kumtisha mama yako, polisi kuna dawati la jinsia, nendeni.

Anza na bibi, maana ni la kwake. Pita kwa fundi Clever uulize mikono na mabaki ya kitambaa. Mafundi wa zamani hawatupi satini. Akiwa navyo, mwombe avishone tena. Mshono utaonekana. Acha uonekane. Kama havipo, mpelekee bibi hivyohivyo lilivyo, umwekee magotini, useme nisamehe kwa lugha aliyokulelea. Sorry yako iache shuleni. Anaweza kukusamehe, anaweza kugeukia ukutani akafa amekukasirikia. Sikuahidi. Ila asiulize tena gauni lake ukamjibu lipo.

Mama usimfuate wewe. Mke aliyerudishwa kwao haji kwa kushikwa mkono na mtoto. Baba yako aende Igamba mwenyewe, na shangazi yako pamoja naye, wakae mbele ya mjomba Eliudi wayarudishe maneno yao. Na wewe baba mtu, ukilipata gazeti hili, jiulize kwa nini ulitazama chini.

Binti, majina nimeyabadilisha, lakini gauni sikuweza kulibadilisha. Ulitaka gazeti likusemee, na jibu langu ni hapana. Barua yako ilifika kwangu Jumatatu, na siku hiyohiyo nilimtuma mtu akuletee nakala ya majibu haya, ndani ya bahasha, kwa jina na shule ulizoandika nyuma ya barua yako. Una siku tano kabla ya Jumamosi.

Kama hukuzitumia, basi sasa hivi umekaa chumbani kwa bibi na shangazi anausoma ukurasa huu kwa sauti. Si mjinga. Alipofika kwenye vifungo sauti yake ilianza kupungua. Leo hatasema "watoto wa siku hizi". Atainua macho, na chumba kizima kitakuwa kimya kama wewe.

Hapo usisubiri akuulize. Simama useme: "Ni mimi, bibi. Mama hakuchukua."