Papa alijiita tonton

Déborah, nimefanya mubaya. Mubaya sana.

Unajua ile bourse, feza ya masomo ya wanafunzi wenye kusoma vizuri katika mateso? Watu wa bourse waliniuliza juu ya papa. Nikasema alikufa. Nilikuwa nawaza papa Désiré, ndugu ya papa, ule alinilea. Bon, wao wakasikia niko yatima. Nikanyamaza.

Leo, mbele ya kunipatia bourse, wakaomba watu wote wasimame kimya juu ya marehemu papa yangu. Na papa mwenyewe, ule alinizaa, iko mu salle ya sherehe, na shati yake ya kanisa! Alisimama, Déborah. Alisimama, akainamisha kichwa!

Kisha mama wa bourse akamuuliza: «Na wewe, muzee, ni nani?»

Akaniangalia. «Mimi ni tonton yake, ndugu ya papa yake. Papa yake angefurahi.»

Sasa papa iko ananiita ku nyumba nikule samaki ya fête, ya kufurahia bourse. Nashindwa kuitika «papa».