Kutu ya Jino Langu Jipya

Kamwene, Bibi yangu,

Mbeya manyunyu hayakatiki, lakini mimi sisikii baridi. Ile skrubu ya titani waliyonipandikiza kwenye taya, leo imevishwa jino!

Nilimfikishia daktari hofu yako, kwamba itashika kutu mdomoni kama jembe lililosahaulika mvuani. Hakucheka. Akasema, “Mwambie Bibi kutu ipo, ila hii ni utando mwembamba unaoilinda titani, na ukichubuka unajirudisha wenyewe.” Anachohofia ni uchachu tu, kwa hiyo nikinywa pombe yako ya ulanzi nisukutue kwa maji.

Bibi, umenikorogea uji vya kutosha. Jumamosi nikifika Iringa nichomee mahindi, yale yaliyokomaa kabisa, halafu ukae karibu usikie ninavyoyatafuna.

Mjukuu wako,
Neema