Marehemu Aliyemsifu Mkewe

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Baba Watoto,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Binti yetu ameshapata nguvu tangu ajifungue, mjukuu ananyonya kama analipwa mshahara, na mkwe wetu bado anaogopa kumshika asije akamvunja. Wewe je, kifua? Unakunywa maji ya moto au unajifanya kijana? Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu unasema "ee, ee," halafu unakata.

Jana mkwe alinitembeza mjini. Pale barabara kuu inapokutana na reli, katikati ya maduka ya simu na taa za kuongozea magari, kuna kaburi. Usishtuke. Ni la kale, miaka elfu mbili, na aliyelijenga ni mwokaji mikate kama wewe! Ni la mawe, refu kama nyumba ya ghorofa, na ukutani lina matundu ya duara, safu juu ya safu, kama midomo ya tanuri. Juu wamechongwa watu wanakanda, wanapima, wanaingiza mikate motoni. Mmoja amesimama tu anatoa amri. Nikasema, huyo hapo mume wangu.

Kisha mkwe akanisomea bango. Mwokaji yule alimzika mkewe humo, akaandika kwenye jiwe: "Huyu aliamka kabla yangu, na mkate wangu ulisifiwa kwa ajili yake." Baba Watoto, nililia mbele ya watu wanaosubiri basi. Mimi umeniambia neno gani zuri tangu tuoane? Nimefikiri njia nzima, nimekumbuka moja tu: "Leo hujachelewa."

Basi nimekata shauri. Nilikuja kumwangalia mzazi nirudi, lakini sirudi mpaka uniambie neno zuri ningali na masikio ya kulisikia. Sitaki la kwenye jiwe.

Mkeo


Jumanne, 12 Machi

Mama Watoto,

Barua nimeipata. Mimi mzima, kifua kinakoroma lakini kinafanya kazi. Mjukuu mbusu kwa niaba yangu, na mkwe mwambie mtoto si yai.

Sasa tuzungumze. Yaani unanilinganisha na marehemu? Marehemu ana nafasi. Hana wateja, hana tanuri linalovuja moshi, hana fundi wa kukanda anayesinzia juu ya meza. Mimi nikifa nitakuwa na maneno mazuri mpaka uchoke. Na huyo bwana kaburi lake kaliweka barabarani, kila apitaye alione. Hayo si mapenzi, ni tangazo la biashara.

Tena hayo matundu si midomo ya tanuri. Ni ya kutolea moshi. Mwokaji yeyote atakwambia.

Huku mikate imekataa kuumuka. Fundi anasema hamira imeharibika, mimi nasema ni hali ya hewa. Jana muuza chai alirudisha mikate yake akaniuliza kama nimeanza kufyatua matofali.

Haya, neno zuri hili hapa: wewe si mbaya. Hata kidogo. Rudi basi.

Mumeo


Jumatano, 20 Machi

Baba Watoto,

Huku wazima, na kifua chako nakiombea. "Si mbaya" husemwa kwa mboga iliyolala. Nilimsomea binti yetu, akacheka mpaka mtoto akaamka. Mkwe, kwa vile ana adabu, alitoka akaenda kuchekea nje.

Hamira haijaharibika, na hali ya hewa usiisingizie. Hamira ni ileile. Aliyekuwa akiichanganya na maji ya uvuguvugu wewe hujavaa suruali ndiye hayupo. Usiniulize kipimo. Kipimo kiko mkononi mwangu, na mkono uko huku.

Na matundu si ya moshi. Bango linasema hata wataalamu hawana hakika. Njoo uone kwa macho yako, uache kubishana na jiwe kwa barua.

Naendelea kukaa. Mjukuu ameanza kunichekea, naye hakuhitaji kufundishwa.

Mkeo


Jumatatu, 1 Aprili

Mama Watoto,

Salamu. Mimi mzima, natumaini nanyi vivyo hivyo. Usiushangae mwandiko, naandika kwa kushoto. Mkono wa kulia umevimba kidogo, nilijibana mlangoni. Si kitu. Usiulizeulize.

Matundu kweli si ya moshi. Umeshinda.

Kazi nyingi.

Mumeo


Jumamosi, 6 Aprili

Baba Watoto,

Pole sana na mkono. Ukande kwa maji ya chumvi. Sasa niambie, ni mlango gani huo wenye miaka elfu mbili?

Mzee mzima, mji wote umekuona! Mkwe alirudi kutoka kazini na simu mkononi, uso umembadilika, akasema, "Mama, naomba ukae kwanza." Nikajua umekufa. Kumbe uko kwenye video, umepiga magoti mbele ya kaburi na aproni yako ya bekari, mkono umezama tunduni mpaka kiwikoni, na watu wa zimamoto wamekuzunguka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini wewe uliinama ukabaki hukohuko.

Wala sikuuliza umenasaje. Najua mazoea yako. Ukiona tundu la duara lazima uingize mkono upime joto. Harusini kwa binti yetu ulipima mpaka mashine ya kufulia. Moto wenyewe haukuwahi kuwashwa humo, wewe unapima!

Yule kijana wa zimamoto alikuwa anakumiminia sabuni huku akikusemesha usije ukazimia. Akakuuliza, "Mzee, ulikuja kutafuta nini hapa?" Nawe ukamjibu. Nimesikiliza mpaka simu ya mkwe ikaisha chaji. Ulisema, "Nimekuja kumwona mwanamume aliyeweza kusema. Mke wangu alinikuta na tanuri moja bovu, akanifanya mwokaji. Mkate ni wake, mimi ni mtu wa kuingiza na kutoa. Tangu aondoke, nyumba ina baridi hata tanuri likiwaka." Kijana akasahau kumimina sabuni. Mama mmoja pale kituoni akamgeukia mumewe akampiga na mkoba.

Nilifurahi, nakwambia wazi. Moyo ulinijaa nikashindwa kula. Halafu hasira zikanipanda. Neno langu, nililolingoja tangu nina meno yote, umekwenda kumpa mtu wa zimamoto! Mkono ulipochomoka ukapanda basi ukarudi kuwahi unga wako, na mimi niko mtaa wa pili tu nafua nepi. Hukubisha hata hodi.

La kwenye simu silihesabu. Niambie mimi, uso kwa uso.

Mkeo


Alhamisi, 11 Aprili

Mke wangu,

Natumaini mko wazima, nawe hasira zimepungua japo kidogo. Mkono wangu umepoa.

Nilifika. Nilisimama nje ya mlango wenu. Niliona nepi zimeanikwa, nikakusikia ndani unambembeleza mtoto. Nikajitazama, nguo zimelowa sabuni, mkono kama gunzi, nikaona haya nikaondoka. Kwa yule kijana ilikuwa rahisi. Hanijui, na sikuwa na pa kukimbilia. Wewe unanijua.

Tangu hapo nafanya mazoezi mbele ya magunia ya unga. Juzi fundi wa kukanda alinikuta nayasemesha kwa upole. Akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema.

Kesho siwashi tanuri. Hatujawahi kufunga, hata mwaka ule paa lilipoezuliwa na upepo tulioka chini ya turubai, wewe na mimi. Nimeshawaambia wateja. Muuza chai amesema ni vizuri, watu wapumzishe meno. Mlangoni nimebandika karatasi: "Pamefungwa. Nimemfuata mke wangu." Watu wanasimama kuisoma na wengine wanaipiga picha. Waache wapige.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo ikutangulie, mimi nakuja na la kesho asubuhi. Safari hii nitabisha hodi. Ukifungua ukanikuta nimesimama kimya kama gogo, usikasirike, wala usifunge mlango. Nipe muda kidogo. Neno linakuja.

Mumeo