Waya Uliokipita Kitufe Chekundu

Keroka,
Jumapili.

Dada yangu Nyanchera,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nakuru, wewe na wanafunzi wako. Yale mafua ya Pasaka yaliisha? Huku tunashukuru Nyasae, tunapumua. Mama anapalilia ndizi zake na kulalamika kwamba humpigii simu. Mvua ni nyingi, chai inafurika kiwandani. Ningekupigia mimi, lakini wewe ukikasirika hukata, na haya nataka uyapate hadi mwisho.

Nimechoka, dada. Kazi ya mota hainichoshi, wananichosha watu. Ule mkanda unaopeleka majani kwenye mashine ya kukata una kitufe chekundu cha kuusimamisha. Wengi hudhani kitufe hicho ni breki. Sivyo. Ndani ya kabati kuna swichi kubwa tunayoiita kontakta, ndiyo inayoipa mota umeme, nayo hushikiliwa na umeme mdogo unaopitia kwenye kitufe. Ukikibonyeza, ule mdogo unakatika, kontakta inaachia, mkanda unasimama. Basi.

Mvua zilipoanza, unyevu uliingia kwenye kitufe, mkanda ukawa unasimama wenyewe katikati ya kazi. Niliomba kitufe kipya, stoo wakaniambia ningoje. Asubuhi moja nikafungua kabati nikakuta waya umeunganishwa kukipita kitufe pembeni, umeme uendelee hata kikibonyezwa. Niliutoa. Kesho yake umerudi! Nikamfuata msimamizi wa zamu, ambaye jina lake nitalifikia.

“Mokeira,” akaniambia, “majani hayamngoji fundi. Yakirundikana yanapata joto yanageuka mekundu, na anayeulizwa ni mimi.”

Nilimwambia waya ule utaumiza mtu. Akacheka, akasema zamu ikiisha huzima swichi ya ukutani, kwa hiyo shida iko wapi? Nikaenda kwa meneja. Yeye akasema tusimletee kazini maneno ya kifamilia.

Wiki juzi, Jumanne, Eucabeth, yule uliyeimba naye kwaya, alikuwa akichomoa kijiti kilichokwama. Rola ikashika mkono wa koti lake. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Mkanda ukazidi kumvuta. Nilimsikia akipiga kelele, “Mokeira, haizimi!” Nilikimbia hadi kwenye swichi ya ukutani nikaivuta chini. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole viwili vimekwenda.

Meneja aliita mkutano. Kabla hatujaingia, nilimwomba msimamizi aseme mwenyewe. Akanishika bega, akaniambia, “Wewe ni shemeji yangu. Hutaniaibisha.”

Ndiyo, dada. Ni Angwenyi wako.

Mkutanoni meneja alisema kosa ni la Eucabeth, kwamba alivaa koti pana. Nilimtazama mumeo. Akainamia meza. Na mwanamke yuko hospitalini anabebeshwa kosa lisilo lake. Nikasimama nikamtaja aliyeweka waya, nikasema na meneja alijua. Angwenyi amekuambia yuko likizo. Hayuko likizo. Amesimamishwa kazi, na ni kwa maneno yangu. Meneja bado yuko ofisini kwake na salamu yangu haitikii. Halafu siku iliyofuata nikaletewa kitufe kipya. Kumbe kilikuwa stoo siku zote, nyuma ya makopo ya rangi. Niliutoa ule waya, nikakifunga kwa hasira.

Usifikiri nimesahau kwamba Angwenyi ndiye aliyeniombea kazi pale. Nilikumbuka hata nilipokuwa nikisimama.

Jana Sabato, baada ya kanisa, alikwenda kumwona Eucabeth, ambaye sasa yuko nyumbani kwake. Alifika uani akashindwa kuingia. Eucabeth akamtolea chai mwenyewe, kwa mkono ule mzima. Wanasema Angwenyi aliishika tu hadi ikapoa.

Hataki kuniona, na hasemi na mtu. Njoo, dada. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukiwa hapa, lakini usimwache peke yake katika nyumba ile.

Mama anakusalimu sana, na bado hajui lolote. Majirani nao wanakuulizia. Safari yako iwe ya heri.

Ni mimi mdogo wako,
Mokeira