Malaria ya Baba

Jinja, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Hujambo? Goti je? Sisi wazima, isipokuwa kaka Ridwan. Naandika kwa sababu simu yako hupokelewa na nusu ya mtaa wa Malukhu. Barua nampa Jamiru wa teksi akuletee.

Kaka hali chakula, halali usiku, duka kalifunga. Juzi aliniambia, "Shamim, mimi nachoka na hii maisha." Nikampeleka hospitali. Daktari anasema kemikali za ubongo zikivurugika mtu hukata tamaa, na udhaifu huo huweza kurithiwa, kama kimo. Si laana, na dawa ipo. Akauliza kama kwetu kuna aliyejiua. Akiwepo, Ridwan atalazwa mara moja.

Baba alipokufa mimi nilikuwa bado mgongoni. Alikufa na nini?

Mwanao, Shamim

Malukhu, 6 Machi

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Goti linauma lakini natembea. Nimemwombea Ridwan dua.

Baba yenu alikufa na malaria. Mji mzima unajua, na shehe alimsalia. Usifukue makaburi, mwanangu. Mwambie daktari malaria, na Ridwan ale chakula moto.

Mama yako, Hajarah

Jinja, 30 Machi

Mama,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika nyumbani salama.

Nilimwambia daktari malaria, akaiandika kwenye karatasi ambayo bado ninayo, akampa Ridwan vidonge na tarehe ya kurudi. Ridwan hakuifikia. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma yako shehe alipouliza mwanao amekufa na nini. Ukasema, "Malaria." Sauti haikutetemeka, Mama. Umezoea. Nina hasira na wewe, na nakupenda, na sijui nianze na lipi.

Mtoto wake Bushira ana miaka kumi na miwili. Kila siku ananiuliza babake alikufa na nini. Nimjibu nini?

Shamim

Malukhu, 2 Aprili

Binti yangu,

Salaam. Leo goti usiliulize.

Haikuwa malaria. Baba yako alijiua, na babake kabla yake. Niliogopa angezikwa bila sala, na nyinyi mkakosa wachumba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, kifo kikamchukua mwanangu.

Kesho napanda teksi ya Jamiru. Bushira nitamwambia mwenyewe, kisha sote watatu twende kwa yule daktari. Ile karatasi ya malaria usiitupe. Nataka daktari alifute neno hilo mbele yangu.

Mama yako, Hajarah