Lori la Nyanchoka Linataka Mpishi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza pokea salamu za hapa kwetu Nyacheki. Mzee wangu Onchiri hajambo, goti limeacha kumsumbua. Kijana wangu Gibson hajambo, na mke wake Kemuma hajambo, siku hizi anachuma majani chai kunishinda. Mjukuu wangu Mose ameanza shule na halii tena. Hata ng'ombe amezaa salama. Wote ni wazima, shida ni mimi.

Binti yangu Nyanchoka ni fundi wa lori moja kubwa linalobeba wageni kutoka Nairobi mpaka Cape Town, wanapita vumbi na matope na kulala kwenye mahema, sasa mpishi wao ameacha kazi na Nyanchoka amenipigia simu akasema, "Mama, njoo utupikie, nimewaambia wewe ndiye unapikia makambi ya kanisa kila mwaka," nikacheka lakini usingizi ukapotea, maana Kiingereza sijui, shule niliachia darasa la tatu, na wifi yangu Persis ananicheka sokoni eti, "Nyanya mzima anaenda kuwa taniboi, utingo wa lori," na mzee nikimuuliza anasema tu, "Ukienda uniletee kofia," sijui amenikubalia ama ananicheka, na ninawaza nani atawaangalia hawa wote, na lori likinasa kwenye matope siku ya Sabato nitafanya nini, na kibaya zaidi, mshauri, hii sijaambia mtu, ninataka kwenda. Lori linaondoka baada ya Krismasi. Tafadhali nijibu haraka.

Ni mimi Mama Nyanchoka.

JIBU

Mama Nyanchoka,

Salamu zako nimezisoma mara mbili. Goti limepona, majani yanachumwa, Mose halii, ng'ombe amezaa. Halafu unaniuliza nani atawaangalia. Mama, acha kutafuta mgonjwa wa kukuzuia.

Kuogopa ni haki yako, mbali ni mbali. Lakini hema unalijua tangu makambini, na aliyelisha makambi mazima kwa kuni zilizolowa mvua hatashindwa na lori moja. Wageni wakisikia harufu ya chakula hawatakuuliza Kiingereza. Chakula cha Sabato pika Ijumaa kama unavyofanya nyumbani, na Nyanchoka awaeleze wenye lori mapema. Likinasa, si unamkumbuka yule ng'ombe wa kwenye Biblia aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato na bado akavutwa nje? Sukuma.

Hapa sasa nakugombeza. Mzee amekuagiza kofia, na bado unauliza kama amekubali? Kaa naye leo, umwambie yale uliyoniambia mimi: ninataka kwenda. Anayepaswa kuyasikia kwanza ni yeye. Persis mwache acheke. Wiki hii nenda Kisii mjini ukaulizie pasipoti na chanjo ya homa ya manjano, na mkataba wa kazi usiutie sahihi kabla Nyanchoka hajakusomea wote.

Ukifika huko niandikie upesi. Nataka salamu ndefu kama hizi, za wote walio kwenye lori, mmoja mmoja, na safari hii uandike kwamba na wewe hujambo.